Bamdogo aliuziwa jina, acheni kumcheka!

Najua niliahidi kumalizia ile stori ya foleni ya kafeteria, lakini itabidi isubiri. Leo nina hasira, na hasira zenyewe zinahusu gemu. Ndiyo, gemu. Anayeona mtu wa mwaka wa tatu hana haki ya kukasirikia gemu aende akalale.

Ilikuwa hivi. Alhamisi bamdogo wangu alishuka kutoka Ifakara na mchele, akaupeleka Tandale kama kawaida yake. Alipomaliza biashara akanipigia: "Mwanangu, dogo amefaulu la saba. Nilimwahidi PS5. Inauzwa wapi?" Mimi nilikuwa mlangoni naingia kwenye test. Nikamjibu harakaharaka, "Shikamoo bamdogo, nenda Kariakoo, ulizia PS5, hawakosi. Usikubali bei ya kwanza." Nikakata simu. Hiyo ndo dhambi yangu mimi, na nitaibeba mwenyewe.

Jioni akaja Mabibo na boksi kwapani, anatabasamu. "Alitaka laki na ishirini, nimemshusha mpaka themanini na tano." Hapo hapo moyo ukanishuka, maana PS5 ya kweli hapa Dar inazidi milioni.

Boksi lenyewe ungeliona... Picha ya mashine nyeupe iliyosimama wima, ubavu huu na ule umenyanyuka kama kola ya shati, katikati nyeusi. Na namba 5 kubwa kama sahani ya wali. Tukaichomeka kwenye tivii. Ikatoka orodha ya gemu 200, karibu zote za enzi za miaka ya themanini: kijitu kinaruka ukuta, kifaru kinapiga matofali, bata wanapita. Nyingine ni gemu ileile imeandikwa mara tatu kwa majina tofauti. Bamdogo akangoja kidogo, halafu akauliza, "Sasa mpira uko wapi?" Dogo anataka mpira, ile ambayo sisi tunaiita FIFA mpaka leo ingawa tangu 2023 inaitwa EA Sports FC.

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Bamdogo umeingizwa mjini!" Mzee wa watu akacheka nao, kicheko cha aibu, huku anarudisha waya kwenye boksi mmoja mmoja. Mimi sikucheka. Ila sikuwanyamazisha pia.

Ijumaa asubuhi nikaenda naye dukani. (Duka silitaji, na hata ningetaka ningepata shida, maana risiti imeandikwa GAME, basi.) Muuzaji hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Akasema maneno ambayo mpaka sasa hivi yanazunguka kichwani: "Bro, mimi nilimwambia hii ni PlayStation? Soma boksi. Imeandikwa PlayStation hapo? Mzee ndo alisema PS5, mimi nikamuonyesha ya 5." Nikalisoma boksi upande hadi upande. Kweli, hakuna mahali palipoandikwa PlayStation wala Sony. Kisha akanionyesha kidole ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Sasa nyie mnaosema "mjini shule", hebu nisikilizeni.

Bamdogo si mjinga. Mmwagieni mchele kiganjani, atawaambia hii ni Supa, hii ni Saro 5, hii imechanganywa. Anajua mchele wa Kyela unavyonukia na anajua mtu akichukua mchele wa kwingine akaandika Kyela kwenye gunia huyo anaitwa nani. Anaitwa tapeli, hata kama gunia limeandikwa KYELLA kwa L mbili. Hakuna mtu sokoni Tandale atakayemcheka mama aliyenunua gunia hilo. Watamcheka nani? Watamsema muuzaji. Ila likija suala la vitu vya umeme, ghafla sheria inageuka: aliyeuza ni mjanja, aliyeuziwa ni mshamba. Nani alitupangia hivyo?

Na mchezo huu ni wa zamani. Waulizeni kaka zenu kuhusu PolyStation. Kwa nje ilikuwa PlayStation ya kwanza kabisa, ile ya kijivu iliyotoka Japani Desemba 1994, mpaka kifuniko cha CD cha duara. Ukifungua kifuniko, hamna CD. Kuna tundu la kuchomeka kaseti, na ndani ni nakala ya mashine ya Nintendo ya mwaka 1983. Miaka mingi baadaye, ilipotoka PS5 Novemba 2020, haukupita muda ikafuata kitu kinaitwa GameStation 5, kifupi GS5: umbo limeiga PS5, tumbo la miaka ya themanini. Mtindo ni uleule. Hawaibi jina lote, wanaiba kile kipande ambacho wewe unakikumbuka.

Na sisi tunakumbuka vipande. Tanzania kila dawa ya meno ilikuwa Colgate, kila sabuni ya unga Omo, na kila gemu ilikuwa Nintendo halafu ikawa PS. Hilo si kosa. Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, midomo yetu ikalilainisha jina. Hapo hakuna aliyeibiwa. Tatizo linaanza mtu anapokaa mezani akapima ni kipande gani cha jina unakijua, halafu akakuuzia hicho kipande peke yake.

Mtasema hayo ni ya Mchina wa bei chee. Ngojeni, wakubwa wenyewe wakoje?

Mwaka 2006 Nintendo walitoa Wii. Iliuza zaidi ya milioni 101. Novemba 2012 wakatoa mashine mpya kabisa. Wakaiita... Wii U. Herufi moja tu! Na walipoitangaza mara ya kwanza mwaka 2011 walionyesha zaidi ile padi yake yenye kioo kuliko mashine yenyewe. Watu wakadhani ni padi mpya ya Wii waliyonayo nyumbani. Mwaka 2013 Satoru Iwata, aliyekuwa mkuu wa Nintendo, alikiri mwenyewe kwamba kuna wateja wanaodhani Wii U ni Wii ileile iliyoongezewa padi. Mpaka inasimamishwa mwaka 2017 ilikuwa imeuza kama milioni 13 na nusu. Jina si sababu pekee, gemu zake pia zilikuwa chache. Lakini hao ni Wamarekani na Wazungu, wenye maduka ya vioo na matangazo kila saa kwenye tivii. Mbona hakuna aliyesema wameingizwa mjini?

Halafu Microsoft. Shikeni kalamu: Xbox mwaka 2001. Xbox 360 mwaka 2005. Ya tatu, 2013, ikaitwa Xbox One, yaani ya tatu inaitwa ya kwanza. 2016 One S. 2017 One X. Novemba 2020 kizazi kipya, Series S na Series X. Siku oda za Series X zilipofunguliwa Septemba 2020, One X ya zamani ikaruka ghafla kwenye orodha ya Amazon ya bidhaa zinazopanda, kwa zaidi ya asilimia 700. Wengi wakaamini ni watu waliochanganya majina.

Nikaamua kuwapima walewale waliomcheka bamdogo. Tuko wanne chumbani, nikauliza: One X na Series X, ipi mpya? Wawili wakasema One X. Mmoja akasema ni kitu kimoja, na huyo anasoma kompyuta! Teh teh teh. Nikawauliza, nani mshamba hapa? Kimya.

Najua mtakachojibu. "Lakini bei si ingemwambia? PS5 ya elfu themanini?" Jamani, Kariakoo bei inasema nini? Kuna mpya, kuna mtumba wa Dubai, kuna iliyofunguliwa ikatengenezwa, kuna iliyoshuka kwenye kontena juzi bandarini na kuna ya kumalizia mzigo. Simu ileile mitaa miwili ina bei tano. Tumefundishwa tangu utoto kwamba bei ya kwanza ni uongo na ukiishusha wewe ndo mwanaume. Mtu aliyelelewa hivyo akishusha kutoka laki na ishirini mpaka themanini na tano anajiona ameshinda. Ile laki na ishirini ilikuwa sehemu ya mtego.

Na hata ungekuwa na milioni na ushee mfukoni, bado hujavuka. Kuna PS5 ya diski na PS5 Digital isiyo na mahali pa kuweka diski. 2023 ikaja nyembamba, 2024 ikaja Pro, nayo haina sehemu ya diski mpaka ununue pembeni. Kwa mwenzetu wa ulaya hiyo ni tofauti ndogo. Kwa dogo wa Ifakara anayetegemea kuazima diski kwa rafiki, ni tofauti kati ya kucheza na kuangalia. Gemu moja inaweza kufika GB 100. Utaishusha kwa bando gani? Nintendo nao, Switch 2 ilipotoka Juni 2025 angalau jina wakalinyoosha, ni 2, kila mtu akaelewa. Ila kadi zake nyingine hazina gemu ndani, ni ufunguo tu wa kukuruhusu uishushe kwenye intaneti. Kwenye boksi wameandika, sawa. Ila unanunua kadi ukiamini umenunua gemu, kumbe umenunua ruhusa ya kumaliza bando.

Mwingine atasema serikali ipo, FCC ipo. Ni kweli, Tume ya Ushindani inakamata mizigo feki bandarini na hapo Kariakoo, na Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963. Lakini angalieni swali linaloulizwa kwanza pale feki inapokamatwa: nembo ya nani imeibiwa? Swali zuri, kwa mwenye nembo. Bamdogo swali lake ni lingine: nimenunua nini? Boksi lake halikuwa na nembo ya mtu.

Na sheria ya swali la bamdogo ipo pia, msidhani haipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, haisemi lazima awe ameiba nembo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kilingane na maelezo. Bamdogo alitoa maelezo: PS5. Muuzaji akayasikia, akajua mzee anamaanisha nini, akampa kitu kingine akanyamaza. Kunyamaza kule ndo biashara yenyewe. Yule jamaa wa dukani hakusema uongo hata neno moja, na bado mtu ameibiwa elfu themanini na tano. Nintendo nao hawakusema uongo. Ukiona kila mtu amesema kweli na mnunuzi bado amekwenda nyumbani na kitu ambacho hakukitaka, ujue uongo umewekwa kwenye jina.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Risiti iandikwe jina kamili la kitu na namba yake ya modeli. Si GAME, si BIDHAA. Muuzaji akijua jina litaandikwa kwenye karatasi, ataanza yeye mwenyewe kusema "mzee hii siyo ile." Pili, kiwashwe mbele yako kabla hela haijatoka, kama tunavyowasha simu na pasi. Tatu ni letu sisi wasomi. Ndugu akipiga simu anauliza kitu kinauzwa wapi, tusimtume mjini na herufi mbili na namba moja. Dakika tano tu, jina kamili, picha, bei ya chini inayowezekana. Mimi sikuwa na dakika tano. Test yenyewe sijui hata kama nimepata 20.

Bamdogo amerudi Ifakara jana na lile boksi. Amenikataza kumsimulia dogo, anasema atamwambia mwenyewe kwamba ya mpira itakuja baada ya mavuno. Kabla ya kupanda basi pale stendi ya Magufuli alinipa daftari lake la hesabu za mchele: "Hebu niandikie jina lake lote, mwanangu, na hiyo namba." Nikaandika. PlayStation 5, ya diski, ya Sony, mstari mzima. Akausoma kwa sauti mara mbili, akakunja daftari.

Nimemaliza. Aliyewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia na aseme, leo hapa hakuna kuchekana. Na yule wa kompyuta, nakuona unasoma hii. Series X ndo mpya.