Kabla ya Mchango, Kipimo

Ombi la mchango linapoingia kwenye kundi letu la WhatsApp, kwamba mzee fulani wa Langas au Kapsoya, kwetu Eldoret, "ana shida ya ini", mara nyingi mambo yamekwisha kuharibika. Tumbo limevimba, macho yamegeuka manjano, na jamaa wameanza kuzungumzia safari ya India. Tunachanga, maana ni wetu. Lakini ini halichakai kwa siku moja. Kirusi cha homa ya ini aina ya C kinaweza kukaa mwilini miaka ishirini au thelathini bila mtu kuhisi lolote, huku kikilikaza ini taratibu hadi lishindwe kazi au liote saratani.

Na huu ni ugonjwa unaopona. Tunaoishi Marekani tunakumbuka sofosbuvir ilipoidhinishwa Desemba 2013: dozi ya wiki 12 iliuzwa dola 84,000. Nadhani bei ile bado inatutisha. Tangu hapo viwanda vya India vimetengeneza dawa hizo kwa bei nafuu mno. Majirani zetu wa Rwanda, waliotangaza mwishoni mwa 2018 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu, waliipata dozi nzima kwa chini ya dola 100. Ni vidonge vya kumeza kila siku, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hupona kabisa. Safari moja ya India ingewatibu wangapi?

Kirusi hiki hupita kwa damu. Hakipiti kwa kukumbatiana, kula sahani moja wala kupokezana kikombe cha maziwa ya mursik, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa. Hupita kwa sindano iliyotumika tena, kwa wembe wa watu wawili, kwa damu isiyopimwa, na mara chache kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Nchini Kenya kimewaumiza zaidi wanaojidunga dawa za kulevya, hasa Pwani na Nairobi, nao wanastahili tiba kama mgonjwa mwingine yeyote. Ila sindano ya hospitali nayo imewahi kukisambaza: Misri ilipowadunga watu wake dawa ya kichocho kuanzia miaka ya 1950, kwa sindano zisizochemshwa vizuri, mamilioni waliambukizwa. Sisi tuliolelewa tukiamini kwamba matibabu bila sindano si matibabu tuutafakari mfano huo.

Kwa hiyo waulizeni wazazi mambo ya zamani. Mama aliongezewa damu alipojifungua? Baba alifanyiwa upasuaji? Huduma ya damu ya taifa ilipangwa upya baada ya bomu la Nairobi la Agosti 7, 1998, na Eldoret ikawa na kituo chake cha kanda. Damu ya msaada hupimwa VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B na C. Aliyeongezewa damu kabla ya mpango huo ana sababu nzuri ya kupimwa.

Desemba tunawaleta wavulana nyumbani kwa tumdo, tohara yetu. Mila yetu naiheshimu, na kwa sababu hiyo nasema wazi: kila kijana na kisu chake kipya, au kilichotakaswa hospitalini. Mzazi aulize kabla ya kumkabidhi mwanawe, bila haya.

Aina ya B, ambayo nyumbani imeenea kuliko C, ina chanjo, na asiyeambukizwa achanjwe. C haina chanjo, ina tiba tu, na tiba haianzi bila kipimo. Nasi wa ughaibuni tusijione tumevuka: tangu 2020 mamlaka ya afya ya Marekani inashauri kila mtu mzima apimwe angalau mara moja.

Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili. Kikisema ndiyo, msikimbilie mchango wala mitishamba: baadhi ya watu hukishinda kirusi wenyewe, na kingamwili hubaki hata baada ya kupona. Ombeni kipimo cha pili kinachotafuta kirusi chenyewe. Jibu hilo ndilo la kumpelekea daktari, hospitali ya Moi Referral au popote mlipo. Mgonjwa akimaliza dozi, arudi baada ya wiki 12 apimwe tena.