Nani Aliamua Kwamba Gemu Lazima Iwe na Njia Panda?

Kuna hukumu iliyosafiri kutoka mbali ikafika vibanda vya PlayStation vya Wote, Emali na Kitui mjini bila mtu kuisimamisha njiani na kuikagua. Inasema hivi: wachezaji wengi wa Magharibi hawazipendi gemu za uhusika za Kijapani, zile wanazoziita JRPG, kwa sababu si gemu kamili. Shujaa unaletewa tayari, jina kashapewa, njia ni moja, mwisho uliandikwa kabla hujaanza. Kazi yako ni kubonyeza kitufe, kusoma maneno, kungoja zamu yako ya kupiga, kisha kubonyeza tena. Gemu halisi, tunaambiwa, ni ile inayokuachia uhuru wa kuamua wewe ni nani na unaelekea wapi. Kijana ambaye hajamaliza hata moja ya gemu hizo anayarudia maneno hayo kwa uhakika wa shahidi, kwa kuwa ameyasikia kwenye video ya mhakiki wa Marekani. Mimi nashikilia kwamba hukumu hiyo ni potofu, na kwamba mtu wa Ukambani ndiye angepaswa kuwa wa mwisho kuikubali.

Tuanze na mahali sheria hiyo ilikozaliwa. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi, penseli na dadu. Pale mezani kila mchezaji alijitungia mhusika wake, na msimamizi wa mchezo, binadamu mwenye masikio, aliweza kuigeuza hadithi papo hapo kufuatana na alichoambiwa. Kompyuta zilipoingia, Ultima na Wizardry, zote za mwaka 1981, zilijaribu kuihamishia meza hiyo ndani ya mashine. Yuji Horii wa Japani alivutiwa na gemu hizo mbili za Marekani, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakatoa Dragon Quest. Mwaka uliofuata Hironobu Sakaguchi akaja na Final Fantasy. Kwa hiyo wanaoziona gemu hizi kama kiumbe cha ajabu kutoka ng'ambo wamesahau kwamba ni wajukuu wa meza yao wenyewe. Tofauti ilitokea katika jambo moja. Mashine haikuwa na masikio ya yule msimamizi. Wamarekani waliendelea kutafuta namna ya kuyaiga masikio hayo, wakiongeza njia panda juu ya njia panda. Wajapani waliifanya mashine iwe msimuliaji. Hayo ni majibu mawili ya swali moja, na sioni sababu ya jibu la kwanza kugeuzwa mizani ya kulipimia la pili.

Sasa tuipime hukumu yenyewe kwa ushahidi. Kama kosa la gemu za Kijapani ni njia moja na shujaa wa kupangiwa, basi Uncharted ya mwaka 2007 na The Last of Us ya mwaka 2013, zote za studio ya Naughty Dog ya Marekani, zina kosa hilohilo. Nathan Drake, shujaa wa Uncharted, si wewe. Joel wa The Last of Us si wewe. Hakuna unachoweza kufanya kuwaepusha na yaliyoandikwa. Wahakiki wa Magharibi walizishangilia, na zaidi ya yote walizisifu kwa hadithi. Kama kosa ni kupigana kwa zamu, basi Baldur's Gate 3, iliyotengenezwa na Larian ya Ubelgiji, isingetwaa tuzo ya gemu ya mwaka 2023, maana mapigano yake ni ya zamu tangu mwanzo hadi mwisho. Tena Pokémon, iliyoanza Japani mwaka 1996, ni gemu ya uhusika ya Kijapani kwa kila kipimo: zamu, levo, safari ya mji hadi mji kwa mpangilio uliowekwa. Watoto wa Marekani na Ulaya waliikumbatia kuliko karibu gemu nyingine yoyote. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 imeuza zaidi ya nakala milioni 10, na sehemu kubwa ya wanunuzi hao hawajawahi kukanyaga Japani. Kwa hiyo hata ile nusu ya kwanza ya madai, kwamba watu wa Magharibi hawazipendi, inachechemea.

Kilichotokea ni kwamba dharau hiyo ilipamba moto katika kipindi fulani. Kati ya mwaka 2006 na 2011 zilitoka Oblivion, Mass Effect, Fallout 3 na Skyrim. Studio za Marekani na Kanada zikashika soko, na sifa ya kile zilichokuwa zikiuza, yaani ulimwengu mpana na uchaguzi mwingi, ikageuka kuwa maana ya neno lenyewe. Machi 2012, mbele ya hadhira huko San Francisco, mtengenezaji wa gemu kutoka Kanada, Phil Fish, aliulizwa na mwenzake wa Japani anazionaje gemu za kisasa za nchi hiyo, akamjibu kwamba ni mbovu tu. Mwaka 2023 Naoki Yoshida, mtayarishaji wa Final Fantasy XVI, alieleza kwamba miaka kama kumi na mitano nyuma, yeye na wenzake walipoanza kulisikia neno JRPG, baadhi yao walilipokea kama neno la ubaguzi. Soko liligeuka, na hukumu ya soko ikavikwa joho la kanuni ya sanaa. Hilo ndilo lililotufikia sisi, bila tarehe yake.

Tuirudishe hukumu hiyo Ukambani. Mwaka 1931, Mulango, Kitui, alizaliwa John Mbiti, ambaye dunia inamjua zaidi kwa vitabu vyake vya dini na falsafa ya Kiafrika. Kabla ya umaarufu huo alikusanya hadithi za Wakamba zipatazo 1,500, na mwaka 1966 akachapisha sehemu ndogo tu ya hizo katika Akamba Stories. Sasa fikiria ngewa, yaani hadithi ya Kikamba, inavyosimuliwa jioni, watu wameshakula. Hakuna msikilizaji anayeulizwa kama angependa sungura aende kushoto au kulia. Wengi wanaijua hadithi yote. Lakini hakuna aliyekaa bure pale: sauti ya msimuliaji ikinenepa wanajua nani ameingia, wimbo ukifika wanaupokea, na usipopokewa hadithi inakufa mdomoni mwa msimuliaji. Wasikilizaji wanashiriki kwa kubeba hadithi, si kwa kuigeuza. Hata kitendawili, ambacho Mkamba hukifungua kwa kusema "Kwata ndai", kina jibu moja lililowekwa zamani, na bado watoto hukigombania. Anayesema pasipo uchaguzi hapana ushiriki amefuta usiku mzima wa ngewa kwa sentensi moja.

Na gemu za Kijapani zimefanya jambo ambalo hadithi ya mdomo haikuweza: zimempa msikilizaji kazi ya mikono. Chukua kifo cha Aerith katika Final Fantasy VII. Kwa saa nyingi umetembea na msichana huyo. Umemnunulia fimbo, umempandisha levo, umejifunza kwamba yeye ndiye wa kukuponya mapigano yakichacha. Kisha anauawa mbele yako na hakuna kitufe cha kuzuia. Baadaye unafungua orodha ya kikosi chako na jina lake halipo. Jeuri ya tukio hilo imo katika kukosekana kwa uchaguzi. Kama gemu ingekupa njia panda, kifo kingekuwa hesabu uliyokosea. Ungerudi ulikohifadhi na kuchagua vizuri zaidi. Kwa kuwa haikukupa, kinabaki msiba. Wanaodai uhuru kila mahali wanadai, bila kujua, gemu ambazo haziwezi kufiwa.

Kuhusu zamu nitasema machache, maana jibu limechimbwa ardhini tangu zamani. Kiuthi, bao la Wakamba, ni mashimo na mbegu. Mwenye zamu anazichota mbegu za shimo moja na kuzipanda moja moja mbele yake, na kabla ya kuchota, mkono wake unaelea juu ya mashimo, huku macho yakihesabu itakapoangukia ya mwisho na mpinzani akiwa kimya. Kitisho cha mchezo wote kimo katika mkono ule uliotulia hewani. Orodha ya Dragon Quest yenye kushambulia, kutumia uchawi au kukimbia ni mkono uleule. Aliyeshinda kiuthi hakushinda kwa wepesi wa vidole, na hakuna mzee wa Mutomo au Mwingi atakayekubali kuambiwa kwamba pale hapakuwa na vita.

Lawama ya kurudiarudia ni nzito zaidi, nami siipuuzi. Ni kweli kwamba gemu nyingi za aina hii zinakutaka upigane vita vidogo mara mia ili upate nguvu za vita vikubwa, na kuna watengenezaji waliotumia ujanja huo kurefusha gemu isiyo na la kusema. Lakini utaratibu wenyewe una heshima yake. Anayechimba fanya juu Makueni hutupa udongo upande wa juu wa mtaro. Mvua inashusha udongo mwingine unaokwama pale. Misimu inapita na mteremko unakuwa ngazi ya kulimwa. Hakuna siku moja unayoweza kusema ndiyo iliyoleta ngazi hiyo. Dragon Quest ilijengwa hivyo: asiye na wepesi wa vidole anaweza kumaliza gemu kwa subira, kwa sababu kila pambano linaacha kitu nyuma. Gemu ya mpira au ya bunduki humtoa mchezaji mzito uwanjani kila mara. Hii humngoja.

Zipo pingamizi mbili ninazozichukulia kwa uzito. Ya kwanza: hili ni suala la ladha, na ladha haina mahakama. Nakubali kabisa. Asiyependa muthokoi husema haupendi. Hasemi kwamba si chakula. Ningeridhika kama wachezaji wa Magharibi na wanaowarudia huku wangesema tu, hazinipendezi, mashujaa wake ni vijana wale wale wa miaka kumi na sita, wasichana wamevalishwa kwa ajili ya macho ya wavulana, mazungumzo ni marefu. Hizo ni lawama za haki na nyingi nazikubali. Ninachokikataa ni kuruka kutoka "sipendi" hadi "si gemu". Na wakati mwingine kilichochukiwa hata hakikuwa kile kilichotengenezwa: Dragon Quest ilipofika Marekani mwaka 1989 ilibadilishwa jina ikaitwa Dragon Warrior, na maneno yake yakavikwa Kiingereza cha kale.

Pingamizi ya pili ni ya kwetu. Katika kibanda unalipia mechi au muda. Mechi ya mpira inakwisha kwa dakika chache na anayefuata anangoja kiti. Gemu ya saa sitini haina nafasi pale. Hiyo ni sababu ya kweli ya gemu hizi kutojulikana Kitui na Makueni, na ni sababu ya mfuko, wala haithibitishi lolote juu ya ubora wake. Ndani ya kibanda hichohicho mashine ni ya Sony ya Japani, na gemu ya mpira ya PES, iliyopendwa miaka mingi, ilikuwa ya Konami ya Japani. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba Ujapani umemharibia mpira. Siku hizi simu ya kawaida yenye programu ya PPSSPP, inayoiga mashine ya PSP, inaweza kubeba safari nzima ya aina hii, na mtu akaipiga kidogo kidogo kila jioni.

Ninalisema jambo hili kwa nguvu kwa sababu lina gharama kwetu. Kiro'o Games ya Kameruni ilipotengeneza Aurion mwaka 2016, iliazima umbo la gemu za uhusika za Kijapani kusimulia hadithi ya Kiafrika. Mwaka 2024 Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, hadithi ya kijana mganga anayeomboleza baba yake, na wahusika wake unaweza kuwasikia wakizungumza Kiswahili. Zau unaletewa tayari, huzuni yake inaletwa tayari, na umbo la gemu hiyo limetoka katika ukoo wa Metroid na Castlevania za Japani. Mwanafunzi wa kompyuta wa chuo kikuu kule Kwa Vonza aliyeamini kwamba gemu bila njia panda si gemu atazitazama hadithi zile 1,500 za Mbiti na kuona malighafi isiyofaa, kwa kuwa hakuna hata moja inayomuuliza msikilizaji anataka nini. Lipo jitu katika hadithi hizo ambalo limemeza watu na ng'ombe wao, na linapokaribia kufa linamwambia kijana aliyelishinda alikate kidole. Kila aliyekaa pale anajua watu watatoka. Anangoja kisu kifike kidoleni.