Tikiti iliyolipwa kwa mananasi



Majuma haya vikundi vyetu vingi vya akiba vinafungua sanduku, vinagawana, kisha vinachagua kamati mpya. Majina yameanza kutajwa njiani, sokoni, hata kwenye mlango wa shule mnapokuja kuchukua watoto. Huyu ana duka kubwa. Yule bwana yake ana kazi nzuri. Yule mwingine anajua Kifaransa, ataongea vizuri na wafadhili. Sababu hizo si mbaya, maana kikundi kinahitaji mtu anayejua kuhesabu na asiyetamani pesa za wenzake. Lakini kuna swali moja ambalo sijalisikia bado. Huyo mnayemtaja, mwenzenu alipofiwa, alifika siku gani? Alikaa muda gani? Anajua majina ya watoto waliobaki?

Ninauliza hivyo kwa sababu moyo wa huruma hauji pamoja na kiti cha prezidante. Unaanza mbali sana, mara nyingi utotoni, nyumbani kwa mama na baba ambao hawajui kwamba wanalea kiongozi. Leo nataka tulitazame jambo hilo katika maisha ya mtu wa hapa kwetu, Daktari Denis Mukwege wa Bukavu. Juu ya tuzo ya Nobel ya amani aliyopewa mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad wa Iraki mmekwisha kusikia mengi. Mimi nataka turudi nyuma ya tuzo, tuone nani alimfundisha.

Alizaliwa Bukavu tarehe 1 Machi 1955, mtoto wa tatu kati ya tisa. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kipentekoste. Siku chache tu baada ya kuzaliwa, kitovu chake kiliingiwa na ugonjwa, akakaribia kufa. Mama yake alimbeba akitafuta dawa, akarudishwa bila kupata. Aliyemwokoa ni mwanamke mmoja, mmisionari kutoka Uswidi, ambaye alikwenda kusema kwa ajili yake mpaka mtoto akapewa penisilini. Mwanamke huyo alikuwa mwalimu. (Mnisamehe nikifurahi kidogo hapo.)

Tazameni maana yake kwa mtoto. Anakua akijua kwamba yuko hai kwa sababu mama yake hakukubali kurudi nyumbani na kulia, na kwa sababu mtu asiye wa ukoo wake aliacha kazi zake akaenda kumwombea dawa. Mtoto aliyesimuliwa hivyo ni vigumu kwake baadaye kusema kwamba alifika alipofika kwa akili yake peke yake. Sisi wamama tuna hadithi za namna hiyo juu ya kila mtoto wetu: nani alitukopesha franka za hospitali, jirani gani alimnyonyesha mtoto siku tulipokuwa na homa. Mara nyingi tunazificha, tukiona haya ya umaskini. Kwa maoni yangu zisifichwe. Mtoto ajue ni nani waliomshika.

Somo la pili alilipata kwa baba yake, na hapo ndipo ninapotaka kukaa. Denis alikuwa na miaka kama minane. Siku hiyo alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baba aliomba, wakatoka. Njiani mtoto akauliza kwa nini baba hakumpa yule mgonjwa dawa, wakati nyumbani kwao, yeye Denis akiwa mgonjwa, baba huomba na pia humpa dawa. Baba akamjibu kwamba kutoa dawa ni kazi ya waganga, na yeye si mganga. Basi mtoto akaamua pale pale: baba ataomba, yeye atatoa dawa.

Mimi mwalimu, nimeifikiri sana hadithi hii kwa sababu ndani yake kuna mambo ambayo pale chuo cha ualimu tulifundishwa kwa kurasa nyingi. Kwanza, baba alimchukua mtoto. Hakumwambia abaki nyumbani acheze. Mtoto aliona kitanda cha mgonjwa, akaona uso wa mama wa mgonjwa. Pili, mtoto aliuliza swali lenye kuumiza, lililogusa kazi ya baba yake mwenyewe, na hakupigwa kofi. Tatu, na hili ndilo kubwa, baba alikubali mbele ya mtoto wake kwamba kazi yake ina mpaka. Ni wangapi kati yetu wazazi wanaoweza kumwambia mtoto wa miaka minane, "Hili mimi siliwezi, kuna wengine wanaoliweza"? Tunaogopa kwamba mtoto atatudharau. Yule mtoto hakumdharau baba yake. Alijipatia kazi ya maisha.

Kwetu mara nyingi inakuwa kinyume. Mama anajifunga kitenge kwenda kumtazama mgonjwa, watoto wanataka kumfuata, anawafukuza: rudini, haya ni mambo ya watu wakubwa. Kisha mtoto huyo anafikisha miaka 18 akiwa hajawahi kushika mkono wa mtu anayeumwa, na sisi tunalalamika kwamba vijana wa leo hawana huruma. Waipate wapi? Sisemi mtoto apelekwe penye ugonjwa wa kuambukiza. Kipindupindu na mpox tumeziona katika jimbo letu, na mafundisho ya waganga tunayajua. Lakini bibi aliyevunjika mguu, jirani aliyejifungua, mzee anayekaa peke yake, hao mtoto anaweza kuwatembelea akibeba hata kopo la maji. Kitakachomfundisha ni kuona mama yake anakaa, hana haraka, anasikiliza.

Denis alisoma uganga Bujumbura, nchi ya Burundi, akifikiri atakuwa mganga wa watoto. Alipoanza kazi katika hospitali ya Lemera, kule milimani upande wa Uvira, aliona wanawake wanaoletwa kwa kipoyi kutoka vijiji vya mbali, wengine siku kadhaa baada ya uchungu kuanza. Wengine walifika wakiwa wameharibika mwili kwa kujifungua bila msaada, wengine hawakufika wazima. Hapo akabadili mpango wake. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Angeweza kubaki kule, kama wengi wanavyofanya, na hakuna ambaye angemlaumu. Wanawake aliowaona Lemera ndio waliompangia njia.

Vita ikaja. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na wafanyakazi pia. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, akiwa na nia ileile ya zamani: wamama wajifungue salama. Mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa mwanamke aliyetendewa unyama wa vita, na baada yake wakaja wengine, mpaka maelfu. Mnajua habari hiyo, wengine wenu mnaijua kuliko mimi, sitaieleza kwa urefu hapa. Nitasema tu kwamba Panzi walitambua kuwa kushona kidonda hakutoshi, maana mwanamke aliyepona mwili anarudi nyumba gani, kwa bwana gani, kwa kazi gani? Ndiyo maana kule wakaweka pia wa kumsikiliza moyo wake, wa kumsaidia mahakamani, na wa kumfundisha kazi ya kujipatia chakula. Hilo linatoka kwa mtu aliyezoea kuuliza swali linalofuata.

Sasa tufike kwenye mananasi.

Oktoba 2012 watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwake Bukavu kumuua. Mlinzi wake aliuawa. Yeye aliponea kidogo, akaondoka nchini na jamaa yake. Hospitali ikabaki bila mganga wake mkubwa. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi hawakukubali. Waliandika barua kwa wakubwa. Kisha wakafanya jambo wanalolijua: wakauza mananasi, wakauza vitunguu, wakaweka pamoja pesa za tikiti ya ndege ili mganga arudi. Mnaofanya biashara kwenye bandari mnajua nanasi moja la Idjwi linaleta nini mkononi ukishatoa pesa ya mtumbwi na ya kodi za njiani. Fikirini ni mananasi mangapi yanayofika bei ya tikiti ya ndege kutoka ngambo.

Alirudi tarehe 14 Januari 2013. Kutoka uwanja wa Kavumu mpaka mjini, watu walijipanga barabarani kumpokea. Wanawake walisema wao wenyewe watamlinda kwa zamu usiku, mikono mitupu. Tangu hapo akahamia kuishi ndani ya hospitali.

Watu wakisimulia habari hii wanawasifu wanawake wa Idjwi, na wanastahili. Mimi ninamtazama pia yeye aliyepokea. Ni mganga mwenye jina, mwenye marafiki Ulaya na Marekani, tikiti haikumshinda. Angeweza kusema: asanteni wamama, pesa hizo nunueni chakula cha watoto. Jibu hilo lingependeza masikioni, lakini lingewarudisha wale wanawake mahali pa wagonjwa wa kuhurumiwa. Yeye aliacha maneno yao yawe amri kwake. Akarudi mahali alipotaka kuuawa kwa sababu wauza mananasi walimwita.

Kutoa kunampendeza mkubwa, maana anayetoa anabaki juu. Kupokea kutoka kwa mtu maskini kuliko wewe ni somo gumu zaidi, na mimi ninaamini kwamba hapo ndipo unyenyekevu wa kiongozi unapoonekana. Katika vikundi vyetu tunao wamama wanaotoa vizuri sana. Wanatoa sukari kwenye msiba, wanatoa kitenge kwenye sikukuu. Lakini ukiwatembelea na mayai yako matatu, wanacheka, wanakuambia uyarudishie watoto wako. Wakichelewa mkutano, nani atawatoza faini? Wakikosea hesabu, nani atathubutu kufungua kaye mbele yao? Kikundi cha namna hiyo kinageuka kuwa mama mmoja na wateja wake.

Kuna kosa lingine katika neno hili unyenyekevu, na linawaumiza watoto wetu wa kike. Tunawafundisha kwamba mnyenyekevu ni anayetazama chini na kunyamaza. Katika darasa langu mara kwa mara msichana mwenye akili nyingi anakataa kuwa mkubwa wa darasa, anasema wavulana watasema anajionyesha. Lakini huyo Mukwege tunayemwita mnyenyekevu hanyamazi hata kidogo. Amesimama mbele ya mataifa akiomba haki kwa wahanga wa Kongo, na kila mara anaidai ile ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, inayoitwa Mapping, juu ya maovu ya miaka 1993 hadi 2003, itoke kabatini ifanyiwe kazi. Mwaka 2023 aligombea urais wa nchi, hakushinda. Wengine walisema mganga angebaki na makasi yake. Hilo kila mtu ana mawazo yake. Sauti kubwa kwa ajili ya wengine haiondoi unyenyekevu. Siku tuzo ya Nobel ilipotangazwa, yeye alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji, akifanya kazi.

Shuleni, mkubwa wa darasa mara nyingi huwa yule wa kwanza kwa pointi. Mimi ninapenda kungoja juma moja au mawili kabla ya kuchagua. Ninatazama nani anabaki kufagia hata kama si zamu yake, nani anamsubiri mwenzake anayetembea polepole, nani anakubali kurekebishwa na mtoto mdogo kuliko yeye. Mara nyingine ni yule yule wa kwanza. Mara nyingine ni mtoto wa katikati ambaye hakuna aliyemfikiria, na darasa linatulia.

Kamati yenu pia mnaweza kuichagua hivyo. Kabla ya siku ya kura, ketini wawili wawili, kila mmoja asimulie jambo moja aliloliona kwa macho yake juu ya yule anayetajwa: siku ya ugonjwa, siku ya msiba, siku alipotozwa faini. Ikiwa hakuna hata mmoja mwenye la kusimulia, hata kama duka lake ni kubwa, ahirisheni kura mpaka juma lingine. Wasiojua kusoma wanaweza kufanya zoezi hili vizuri kama wengine, labda kuliko wengine, kwa sababu wao hukumbuka.

Vikundi vitakavyojaribu, nitumieni habari kwa mkono wa yeyote anayekuja kwenye mkutano wa Jumamosi. Juma lijalo nitaandika juu ya biletini za watoto, na namna ya kuzisoma nyumbani bila fimbo.