Tezi na omo ndani ya gari moja

Huenda msomaji akashangaa kuona ukurasa wa familia ukizungumzia gari la mbio. Asishangae. Gari tunalolikusudia ni Datsun 240Z, lililotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1969 hadi 1973, nalo lina viti viwili tu. Halina kiti cha nyuma cha kumpakia shangazi wala watoto, wala mahali pa kusimamisha gunia la mchele. Wanaoingia ni wawili. Milango ikishafungwa hakuna wa tatu wa kusuluhisha. Ni chumba kidogo chenye matairi manne, na kila aliyeoa au kuolewa anafahamu jinsi chumba kidogo kinavyodhihirisha tabia za watu.

Gari hilo ni sehemu ya historia ya barabara zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Datsun 240Z iliyashinda mara mbili, mwaka 1971 na mwaka 1973. Ushindi wa mara ya pili ulikuwa wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye watu wake walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Aliyempoteza kwao mwaka mmoja aliibuka mshindi mwaka uliofuata, tena kwa namna ya pekee: yeye na mpinzani wake Harry Källström walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa, ikabidi ushindi apewe yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baadaye Mehta alishinda mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, akitumia magari mengine ya Datsun. Alifariki London mwaka 2006.

Katika ushindi huo wa Safari msoma ramani wake hakuwa mkewe. Lakini katika mashindano kadhaa mengine, aliyeketi kiti cha pili alikuwa mkewe, Yvonne Mehta. Jambo hili ndilo lililotufanya tuichukue kalamu juma hili. Mtu mwenye jina kama lake angeweza kumpata msoma ramani yeyote aliyemtaka, na katika mbio za namna ile hakuna anayempa mtu kiti hicho kwa kumpendezesha. Kosa moja la aliyeshika daftari huweza kuwatia wote wawili mtoni.

Kazi yenyewe ni hii. Msoma ramani anakuwa na daftari lililoandikwa kabla ya mashindano, walipoipita njia ile polepole. Humo mna kila kona, kila daraja, kila korongo, pamoja na umbali wake. Siku ya mbio anamsomea dereva yale yajayo, na dereva anakata kona ambayo bado hajaiona kwa sababu ameambiwa ipo. Safari ya zamani ilifanyika katika barabara ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mashindano; basi, lori na ng'ombe wa watu walikuwa humo humo. Dereva akisita kuamini neno la jirani yake, amechelewa. Akilipuuza, huenda asifike kabisa. Na msomaji naye akisema baada ya kona kupita, maneno yake hayana faida tena; yamekuwa lawama.

Lugha yetu ya pwani ilizifahamu kazi hizi mbili kabla ya kuletwa gari lolote. Chombo kina tezi na omo. Nahodha hukaa tezi, ameshika usukani, naye kwa hakika haoni vizuri kilicho mbele ya chombo. Anayeona ni aliyesimama omo na upondo wake mkononi, akipima kina. Atakayeshuka delta ya Rufiji atayaona haya kwa macho yake. Mto ule haufiki baharini kwa mlango mmoja; unagawanyika katika mikondo mingi ndani ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mwingine wowote Tanzania, na mikondo hiyo hubadilika. Maji yanapojaa, unadhani kila upande ni njia. Yanapokupwa, ulichodhani ni njia kinageuka tope, na chombo kilichokosea kitalala hapo hadi maji yarejee, nahodha apende asipende. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo tangu mwaka 1914, ikawahangaisha Waingereza kwa miezi mingi, kwa kuwa meli zao kubwa hazikuweza kuingia. Ikawalazimu kuleta meli mbili zinazoelea katika maji madogo, Severn na Mersey, hata Julai 1915 Wajerumani wenyewe wakaizamisha manowari yao baada ya kupigwa vibaya. Ukubwa wa chombo na wingi wa mizinga havikumsaidia asiyejua kina cha maji.

Sasa tuichukue barabara yenyewe, kwa maana wapo wanandoa ambao kila likizo husema watakwenda kusini na hawaendi. Kutoka Dar es Salaam unapita Mbagala na Kongowe, kisha Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, hata Kibiti. Mbele yake ni Ikwiriri, kisha Ndundu, lilipo daraja la Mkapa. Njia yote hii ni lami. Mwenye gari la zamani lililo chini chini ataweza kuipita akiwa na subira, ingawa matuta ya barabarani yatamkwangua tumbo la gari lake akiyaendea kwa haraka. Njia nyingi za kuchepukia upande wa delta ni za udongo na mchanga. Huko gari la namna hii lisipelekwe. Liachwe penye usalama, watu wapande gari la abiria mpaka Nyamisati, ambako vyombo vya kwenda Mafia hutia nanga.

Wasiojua tabu ya kusini kabla ya mwaka 2003 hawawezi kulithamini daraja lile ipasavyo. Lina urefu wa karibu mita 970. Kabla yake palikuwa na kivuko pale Ndundu, na masika yalipoanza watu wa Lindi na Mtwara walikuwa kama waliokatiwa mbali na nchi nyingine. Safari iliyohesabiwa kwa saa ikawa ya siku. Familia zililala kando ya mto, watoto wakilia na chakula kikiisha. Si ajabu kwamba daraja liliitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, aliyeijua njia ile tangu utoto wake. Hata hivyo mto haukusalimu amri. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliingia katika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na Mei mwaka huo huo, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika huko mbele, Somanga, wilayani Kilwa. Magari yakakwama pande zote mbili.

Hapa ndipo suala la nani anashika ramani linapoacha kuwa mazungumzo ya barazani. Tufikirie mume na mke waliofika Ikwiriri jioni ya masika. Mvua inanyesha, magari yanayotoka kusini yamepungua, taa za gari la zamani ni hafifu. Mke anasema: "Baba fulani, tulale hapa." Mume anajibu kwamba yeye ameendesha gari miaka ishirini. Jibu hilo halihusiani na alichoambiwa. Mke hakumuuliza ameendesha miaka mingapi. Amemsomea kilichoko mbele. Tumesikia mara nyingi mno katika jamii yetu kwamba mwanamke kumwelekeza dereva ni kumvunjia mumewe heshima. Hatukubaliani na kauli hiyo, na tunaona ni kauli inayoua. Maji yanapopita juu ya barabara usiku, hayamwulizi mtu nani kichwa cha nyumba.

Na wale wanaotaka ushahidi wa dini katika jambo hili, wautafute safarini, kwa kuwa upo safarini. Mwaka wa 6 wa Hijra, pale Hudaybiyya, baada ya mkataba kuandikwa, Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha masahaba wachinje wanyama wao na kunyoa. Alirudia mara tatu, na kwa uzito wa huzuni waliyokuwa nayo hakuinuka hata mmoja. Akaingia hemani kwa mkewe Umm Salama (r.a.), akamweleza yaliyompata. Bibi yule akamshauri atoke, asiseme na yeyote, achinje ngamia wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo. Watu walipomwona, wakainuka wote. Tuangalie hali ilivyokuwa: msafara mzima, kiongozi aliye mbora wa viumbe, na shauri lililowatoa katika mkwamo likatoka kwa mke aliyekuwa pamoja naye njiani. Hakusema kwamba hilo ni jambo la wanaume. Katika safari nyingine, msafara mzima ulisimama mahali pasipo maji kwa sababu ya kutafuta mkufu wa Bibi Aisha (r.a.) uliopotea, na hapo ndipo iliposhuka ruhusa ya kutayamamu, ambayo Waislamu tunaitumia hadi leo. Tunawajua waume ambao mkewe akiomba gari lisimame dakika tano, kwa haja isiyoweza kungoja, wanatazama saa.

Tusiwaonee waume peke yao. Kiti cha pili nacho kina adabu yake. Mwenye upondo hapigi kelele njia nzima. Hutamka kina, kisha hunyamaza, kisha hutamka tena. Anayelalamika tangu Mbagala hadi Bungu kuhusu mwendo, dirisha, na yule ndugu wa mume aliyekopa fedha asirejeshe, ameshayamaliza maneno yake yote kabla ya kufika mahali yanapohitajika. Kibao cha hamsini kinapoonekana, kitajwe mapema, dereva angali na nafasi ya kupunguza mwendo. Kumkumbusha wakati trafiki mwenye tochi ameshanyanyua mkono ni kumwongezea uchungu wa faini. Na siku ambayo mke ndiye mwenye usukani, maana wake zetu wengi sasa wanaendesha, adabu ni ile ile, na mume ajifunze kushika upondo. Tumewaona wanaume wakikanyaga breki ya hewani upande wa abiria mpaka wakachoka miguu.

Gari la zamani lina fadhila moja ambayo magari ya sasa hayana. Halina kompyuta ya kuwasha taa na kusema kasoro iko wapi. Datsun ile ina kabureta mbili, na zisipolingana injini huguguna. Rejeta ikichoka, joto hupanda taratibu. Mkanda wa feni ukilegea, hulia. Mambo haya yote hujulikana kwa sikio, kwa pua na kwa jicho linalotazama mshale wa joto. Mwenye usukani akiangalia barabara, ni nani atakayesikiliza? Watu wawili ndani ya gari kama hilo wanalazimika kuulizana: "Umesikia?" Neno hilo limepungua sana katika nyumba nyingi, ambako kila mmoja ana simu yake na kila simu ina sauti yake.

Kwa watakaonuia safari hii, tuyaseme machache. Wanazuoni wengi wanakadiria masafa ya kupunguza swala kuwa kilomita 80 hivi, na Kibiti inapita kiasi hicho ukitokea Dar es Salaam. Hivyo msafiri anayo ruhusa yake, na misikiti ipo njiani ya kuteremkia. Itokeni alfajiri baada ya swala, ili mvuke daraja mchana na mto uonekane. Tairi la akiba, plagi, mkanda wa feni na dumu la maji ya rejeta visikosekane. Wakati wa masika ulizeni hali ya Somanga kabla ya kuondoka, tena ulizeni madereva waliotoka huko siku hiyo, si jirani aliyepita mwaka jana. Safari za usiku mziache. Watu wa Kibiti hawajaisahau miaka ya 2016 na 2017, mauaji yalipoifanya kila familia ijifungie mapema. Utulivu umerejea, lakini giza, ng'ombe, na lori lililoharibika bila alama bado vipo pale pale.

Na kama mtashuka hadi Nyamisati, msikimbilie chombo cha kwanza. Kaeni kando ya maji mtazame mashua zinazotoka katika mikoko. Kwa jinsi maji yanavyozidi kupungua ndivyo aliyeko omo anavyotamka kwa haraka zaidi, na aliyeko tezi habishi. Anapindisha usukani kabla neno halijamalizika. Mkishaona hayo, rudini garini, na mbadilishane viti kwa nusu ya njia ya kurejea, ikiwa nyote wawili mna leseni.

Juma lijalo, inshaallah, tutazungumzia watoto wanaobaki kwa bibi yao wakati wazazi wako safarini, na haki za bibi huyo ambazo wengi hatuzitimizi.