Mbolea na Petroli Zisilale Stoo Moja

Wasee wa Karungu, mbolea ikishuka bei, kama ile ya ruzuku ilivyofika shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2023, kununua nyingi ni akili. Lakini kuirundika CAN kando ya jerikeni za petroli ya boti? Hapana.

Beirut, 4 Agosti 2020, tani 2,750 za amonia nitreti zililipuka ghalani, zaidi ya watu 200 wakafa. CAN pia ina amonia nitreti. Imechanganywa na chokaa, so hailipuki kirahisi, lakini ikiingia motoni inatoa moshi wa sumu. Unyevu wa ziwa nao unaigandisha iwe mawe.

Panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta. Petroli itafutiwe kwake.