Ukuta Mzito Nao Hupinduka

Anayejenga Kigali hukata mlima kwanza. Kimisagara, Gisozi, Rebero, kiwanja cha kawaida ni mteremko, na nyumba haipati pa kukaa mpaka upande mmoja uchimbwe, wa pili ujazwe, kisha ujengwe ukuta wa kuzuia udongo usimshukie jirani wa chini. Ukuta huo hauna vigae wala rangi ya kuwaonyesha wageni, kwa hiyo ndio hubanwa fedha kuliko kitu kingine chochote, na ndio huzungukwa na hoja za kila namna. Nimezisikia kwa wenye nyumba, kwa waashi, kwa wasaidizi wao ambao mji huu huwaita abayede, na wakati mwingine kwa wanafunzi wa uhandisi ambao hawakupaswa kuzisema. Karibu zote zina kasoro moja. Zinauliza kani ina ukubwa gani, wala haziulizi inasukuma wapi.

Mama wa hoja hizo ni hii: ukuta ukiwa mzito, hauendi popote.

Ukuta wa kuzuia udongo unapoanguka kwa kupinduka, huzunguka kwenye ukingo wa mbele wa msingi wake. Udongo wa nyuma unausukuma uinamie mbele, uzito wa ukuta wenyewe unaurudisha nyuma. Mshindi hapatikani kwa kulinganisha tani na tani. Kila kani huzidishwa kwa umbali mfupi kabisa kati ya mstari wake na ule ukingo, na jibu lake ndilo momenti, yaani nguvu yake ya kuzungusha. Tuchukue mita 4 za udongo wa kawaida, wenye uzito wa tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo, ambao msukumo wake wa ubavuni ni theluthi ya uzito unaouelemea. Kwa kila mita ya urefu wa ukuta, msukumo unafika tani 4.8. Ukuta wa mawe wenye unene wa mita 1 una uzito wa tani 9.2, karibu mara mbili ya msukumo. Mwenye nyumba atafurahi. Lakini uzito ule unapita katikati ya ukuta, nusu mita tu kutoka kwenye ukingo wa mbele, kwa hiyo momenti yake ni tani-mita 4.6. Msukumo wa udongo unapiga mita 1.33 juu ya msingi, na momenti yake ni tani-mita 6.4. Ukuta wenye uzito maradufu umeshindwa.

Sasa linganisha na ukuta wa zege wenye umbo la herufi T iliyopinduliwa, kimo kilekile cha mita 4: msingi wa upana wa mita 2.4 na unene wa sentimita 40, na juu yake ukuta mwembamba wa sentimita 30 uliosogezwa mbele, mita 1.5 za msingi zikibaki nyuma chini ya udongo. Zege lote halifiki tani 5. Ila udongo uliokalia kile kisigino cha nyuma ni karibu tani 10, na uzito wake uko mita 1.65 kutoka ukingo wa mbele. Jumla ya momenti ya kuuzuia inakaribia tani-mita 21, zaidi ya mara tatu ya ile ya kupindua. Ukuta huu una nusu ya uzito wa ule wa mawe, na ukinzani wake ni zaidi ya mara nne. Adui mwenyewe ndiye aliyewekwa akanyage msingi. Sijui hesabu nyingine ya ujenzi inayonipendeza kuliko hii, na bado kila wiki kuna mtu analipa lori la mawe ya ziada.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya mtu anayejua kupanga bei: wa mita 2 ulitugharimu kiasi hiki, basi wa mita 4 ni mara mbili. Msukumo wa udongo hauko sawa kutoka juu hadi chini. Huanza na sifuri juu na kuongezeka kadiri unavyoshuka. Kimo kikizidi mara mbili, msukumo wote unazidi mara nne, na mahali unapopiga, theluthi moja ya kimo kutoka chini, pamepanda mara mbili. Nne mara mbili ni nane. Ukuta wa mita 2 unapambana na tani-mita 0.8, wa mita 4 na 6.4. Ndiyo maana ngazi mbili za kuta fupi, zikitenganishwa kwa uwanda wa kutosha, mara nyingi huwa nafuu kuliko ukuta mmoja mrefu. Wakulima wa Rwanda waliokata matuta milimani wanalijua hilo kwa macho. Lakini zikibananishwa, ule wa juu huukalia wa chini, na hesabu hurudi palepale.

Ya tatu ni ya maji, na hapa nitakaa kidogo, maana Kigali kuta nyingi hazisukumwi na udongo peke yake. "Tukitoboa matundu tunaudhoofisha ukuta," fundi atasema, "na maji yatajipenyeza yenyewe kati ya mawe."

Hayajipenyezi. Chokaa ya saruji kati ya mawe imejengwa kwa ajili ya kuziba, na udongo mwekundu wa mfinyanzi ukishalowa hauyaachii maji kwa haraka. Kati ya Machi na Mei mvua inapokolea, maji hukusanyika nyuma ya ukuta kama kwenye tangi. Hapo kinatokea kitu ambacho wengi hawakiamini mpaka wapige hesabu. Udongo uliozama maji unasukuma kidogo kuliko mkavu, kwa kuwa maji yanaubeba: katika mfano wetu wa mita 4, msukumo wake unashuka kutoka tani 4.8 hadi 2.7. Lakini maji hayana ile huruma ya theluthi. Yanasukuma ubavuni kwa uzito wao wote, tani 8 kamili. Jumla ni tani 10.7, na momenti ni tani-mita 14.2, zaidi ya maradufu ya ile ya kiangazi. Chukua ukuta wa mawe wenye unene wa mita 1.5, ambao momenti yake ya kuzuia ni 10.3. Agosti una akiba ya kutosha. Aprili, nyuma yake pakijaa, umepinduka.

Na yale matundu yanayodaiwa kudhoofisha? Bomba la sentimita 7.5 katika kila mita 2 kwa 2 linaondoa karibu sehemu moja kati ya 900 ya ukuta. Anayeogopa hasara hiyo na haogopi tani 8 za maji amepima kwa mizani ya ajabu. Ila matundu peke yake hayatoshi: nyuma yake panahitaji tabaka la kokoto, na kitambaa cha kuchujia kinachozuia matope yasizibe. Kazi nzuri nyingi huharibiwa siku ya mwisho, pale anayepiga lipu anapoziba midomo ya mabomba kwa sababu haipendezi. Gabioni, zile nyavu za waya zilizojazwa mawe unazoziona kando ya mifereji mikubwa ya mji, hazina tatizo hilo. Zimejaa nafasi, maji yanapita. Hazipendezi machoni pa kila mtu, nami nazipenda kwa sababu hiyohiyo.

Kutoka hapo inafuata hoja inayotumika kufunga mabishano yote: ukuta wa jirani umesimama miaka kumi, haukupimwa na mtu. Udongo mwekundu ukiwa mkavu hushikamana. Ukichimbwa wima unaweza kukaa muda mrefu bila ukuta wowote. Kwa hiyo ukuta mbovu unaweza kusimama mbele ya udongo ambao hauusukumi, na miaka hiyo yote unathibitisha tu kwamba haujajaribiwa. Mshikamano huo ndio wa kwanza kupungua udongo unapolowa. Hesabu hizi si mpya, wala hazikuletwa na idara ya vibali ili kuwasumbua watu. Charles-Augustin de Coulomb, yule ambaye wengi humjua kwa umeme, alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa, akasimamia ujenzi wa ngome ya Fort Bourbon huko Martinique kati ya 1764 na 1772. Aliporudi aliandika juu ya msukumo wa udongo kwenye kuta, akawasilisha kazi yake mwaka 1773. Rankine wa Scotland aliongeza ya kwake mwaka 1857. Hesabu niliyotumia hapa ni hiyohiyo.

Gari kuegeshwa juu ya ukuta, je? Wanasema haliongezi kitu kwa sababu liko juu, si nyuma. Wahandisi huuhesabia uwanja wa namna hiyo takriban tani 1 kwa kila mita ya mraba. Mzigo huo unasukuma ukuta sawasawa kutoka juu hadi chini, hivyo unapiga kwenye nusu ya kimo, juu zaidi ya ile theluthi. Kwa ukuta wetu ni tani-mita 2.7 nyingine, nyongeza ya zaidi ya asilimia 40.

Mwenye kusoma hadi hapa anaweza kuja na hoja ya kitaalamu: basi nikihakikisha momenti ya kuzuia ni kubwa kuliko ya kupindua, nimemaliza. Hajamaliza. Ukuta wa mawe wenye unene wa mita 2 una momenti ya kuzuia ya 18.4 dhidi ya 6.4, karibu mara tatu. Hata hivyo, ukizijumlisha kani zote, uzito unatua sentimita 65 kutoka ukingo wa mbele, nje kidogo ya theluthi ya kati ya msingi. Maana yake nyuma ya msingi pameanza kuwa pepesi, na ardhi ya mbele inabeba maradufu ya wastani. Ukingo wa mbele ukizama kidogo, ukuta unainama; ukiinama, uzito unasogea mbele zaidi. Kuta nyingi zilizokufa zilianza hivyo, kwa kuinama taratibu ambako kila mtu alikuona na kukuzoea.

Sasa tupande ghorofani, kwenye baraza inayoning'inia nje, maana kosa ni lilelile. Hoja: nondo huwekwa chini, kama slabu nyingine. Slabu iliyoshikwa pande mbili hulegea katikati, na upande wa chini ndio unaovutwa. Baraza iliyoshikwa upande mmoja hutaka kuzunguka kuelekea chini kutoka ukutani, kwa hiyo kinachovutwa ni upande wa juu, na nondo zake kuu hukaa juu. Mchoro huwa sahihi mara nyingi. Kosa hutokea siku ya kumwaga zege, abayede wakipita na ndoo juu ya nondo na kuzikanyaga zishuke. Katika slabu ya sentimita 15, nondo zilizopangwa sentimita 12 kutoka chini zikishuka 4 tu, nguvu ya baraza imepungua kwa karibu theluthi. Chuma ni kilekile na zege ni lilelile, ila umbali kati ya kinachovutwa na kinachobanwa umepungua. Viti vidogo vya chuma vya kuzishikilia nondo juu ni bei ndogo sana. Na anayetaka kurefusha baraza kutoka mita 1.2 hadi 1.5 "kwa sababu ni sentimita 30 tu" ajue kwamba momenti ukutani inaongezeka kwa asilimia 56.

Kreni ndefu zinazojenga maghorofa ya mjini nazo zina hoja yake: isiyobeba kitu haina hatari. Ile mizigo ya zege iliyo kwenye mkono wa nyuma imewekwa isawazishe sehemu tu ya mzigo wa mbele. Kreni ikiwa tupu, mnara unapindwa kuelekea nyuma, na hiyo pia ni momenti inayopaswa kuhesabiwa kwenye msingi. Mkono unaozunguka usiku pasipo mtu haujasahauliwa. Breki imefunguliwa makusudi ili uelekee unakopulizwa, upepo usipate ubavu wa kusukuma.

Wanafunzi nao wana mbili. Ya kwanza, kwamba kani zikijumlishwa zikawa sifuri, gimba limetulia. Kani mbili zilizo sawa, zinazopingana, zisizo kwenye mstari mmoja, zina jumla ya sifuri na bado zinazungusha. Louis Poinsot alilifafanua jambo hilo mwaka 1803, na kila anayefungua nati kwa spana ya mikono miwili analifanya. Ya pili, kwamba momenti lazima ipimwe kwenye bawaba au mahali ambapo kitu kinagusa ardhi. Gimba likiwa limetulia, momenti ni sifuri kwenye nukta yoyote utakayochagua, hata iliyo hewani. Tunachagua ukingo wa msingi kwa sababu kani za ardhi tusizozijua, ukuta unapokaribia kupinduka, hupita hapo na kutoweka kwenye hesabu.

Imebaki hoja moja ninayoiheshimu: kwamba mlima si gimba gumu, na hesabu zote hizi zinachukulia kwamba ni ukuta ndio utakaosogea. Kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini yaliua watu zaidi ya 130, na mteremko mzima ukishuka, ukuta mzuri hushuka nao ukiwa wima. Lakini hata hapo momenti haitupwi. Gati la Stigberg mjini Göteborg lilipoporomoka mwaka 1916, wahandisi wa Sweden waliona kwamba udongo ulikuwa umeteleza kwenye tao linalofanana na kipande cha duara. Wakaanza kuukata mteremko kwenye karatasi vipande vyembamba, wakachukua momenti ya kila kipande kwenye kitovu cha duara lile, wakajumlisha kinachosukuma na kinachozuia. Mpaka leo miteremko hukaguliwa kwa njia zilizotokana na hiyo. Kwa kiwanja cha Gisozi, kitovu hicho kwa kawaida huangukia angani, mbele ya nyumba, juu ya paa la jirani wa chini.