Kisu cha bwana na panga la mkulima vipimwe kwa kanuni moja

Mjini Butembo kuna kisu kisichomtisha mtu. Ni cha kukunja, kinaenea kiganjani, na mpini wake ni wa pembe au wa mti mgumu uliong'arishwa. Hukaa mfukoni mwa koti la mfanyabiashara pamoja na kalamu na simu. Akikitoa dukani kukata kamba ya robota la nguo, au mezani kumenya chungwa, watu hawaoni silaha. Wanaona mzee aliyefanikiwa, aliyesafiri, anayejua vitu vizuri.

Hakuna ubaya katika hilo. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na watu wake wamezoea kufuata bidhaa hadi Dubai na Guangzhou. Anayerudi na saa nzuri au viatu vizuri anaweza kurudi pia na kisu kizuri. Wafaransa wana Laguiole, kilichopewa jina la kijiji chake, na Opinel, ambacho Joseph Opinel alianza kukitengeneza Savoie mwaka 1890. Marekani kuna Sebenza, kazi ya fundi Chris Reeve kutoka Afrika Kusini, kinachouzwa kwa zaidi ya dola 400. Jina hilo ni neno la Kizulu lenye maana ya "kazi".

Jina hilo linafaa kutafakariwa, hasa kwenye barabara ya Butembo kwenda Beni.

Barabara hiyo ina kilomita zaidi ya 50 tu, lakini mtu akiipita anaingia mahali ambapo chuma chenye makali kina maana nyingine. Tangu Oktoba 2014 watu wa mji na teritori ya Beni wamekuwa wakiuawa na waasi wa ADF, mara nyingi kwa mapanga na mashoka. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 waliuawa makumi ya watu katika mtaa wa Rwangoma, mjini Beni kwenyewe. Familia iliyozika watu wake kwa namna hiyo haiwezi kuangalia makali kama anavyoyaangalia mtu wa mbali.

Hofu hiyo nayo imeua. Mwishoni mwa Oktoba 2014 umati mjini Beni ulimpiga kijana mmoja hadi akafa, kisha ukamchoma, kwa kumshuku kuwa mwasi. Mashahidi walisema hakuweza kuzungumza Kiswahili. Katika mji wenye kumbukumbu kama hizi, kitu kinachopatikana mfukoni au kwenye begi la mgeni kinaweza kuamua kama atafika nyumbani.

Kwa hiyo swali la nani abebe kisu, wapi na kwa kazi gani, ni swali la kweli. Tatizo ni kwamba kwenye bariera jibu lake hutegemea sura ya mtu. Askari hutazama gari, koti na namna ya kusalimia. Bwana aliyeketi kiti cha mbele hata haulizwi ana nini mfukoni. Mkulima wa kakao aliyepanda pikipiki, buti zikiwa na tope na panga likiwa limefungwa kwenye gunia, huyo ndiye wa kushuka na kueleza. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Barabarani, mwenye kisu ghali ndiye apitaye.

Ni kweli kwamba panga ni refu na limetumika kuua watu wengi, na askari ana haki ya kuuliza. Lakini panga hilo ndilo linalofyeka shamba na kupasua tunda la kakao. Mkulima asipokuwa nalo, hana kazi ya kufanya. Bwana akikiacha kisu chake nyumbani, atakata kamba kwa mkasi. Zaidi ya hayo, Sebenza ina kifungo kinachoshikilia ubapa usijikunje, na hufunguliwa kwa kidole gumba cha mkono mmoja. Bei yake haikifanyi kiwe salama. Opinel ya bei nafuu hukata kamba ileile, na vyote viwili hukata mtu pia.

Pale ambapo kanuni haikuandikwa, askari huiandika mwenyewe, na mara nyingi huandika bei. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS kutoka Ubelgiji ilihesabu vizuizi vya barabarani karibu 800 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na ikaonyesha jinsi kila kinachopita hutozwa fedha. Katika mazingira kama hayo, kitu ambacho hakuna anayejua kama kinaruhusiwa ni mtaji wa mwenye bariera. Leo ni panga, na kesho kitakuwa kisu cha jikoni cha mama anayekwenda kuuza ndizi.

Nchi nyingine zimeandika. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, inaruhusu mtu kubeba hadharani kisu cha kukunja kisicho na kifungo, ikiwa ubapa hauzidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6. Kwa kingine chochote, mbebaji lazima awe na sababu nzuri, na kazi yake inatajwa kuwa mojawapo. Kwenye ndege, mwongozo wa kimataifa unakataza abiria kuingia na kisu chenye ubapa unaozidi sentimita 6. Mfanyabiashara wa Butembo anayesafiri nje anajua hivyo, na hukiweka kisu chake kwenye mzigo wa chini bila ugomvi. Anakubali kwa sababu kanuni ni ileile kwa kila abiria.

Beni na Butembo hazihitaji kunakili sheria ya London. Zinahitaji karatasi moja. Serikali ilipoweka Kivu Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, maofisa wa polisi walikabidhiwa ofisi za meya katika miji hii miwili, na mahakama za kijeshi zikapewa kesi za jinai za raia. Wenye mamlaka wanajulikana. Kinachokosekana ni maandishi ambayo mkulima anaweza kuyaonyesha kwa kidole.

Karatasi hiyo iandikwe kwa Kiswahili, Kinande, Lingala na Kifaransa, na ibandikwe kwenye kila bariera. Iseme kwamba chombo cha kazi kinaruhusiwa mchana, kikiwa kimefungwa, kwa anayekwenda au anayetoka kazini. Iseme kwamba hakuna makali ya aina yoyote, ya dola 2 au ya dola 400, kwenye maandamano, kwenye baa, au barabarani usiku. Iseme kwamba kinachochukuliwa kiandikwe kwenye daftari na mwenyewe apewe risiti, na kwamba hakuna malipo ya kukirudisha.

Wafanyabiashara wana sauti ambayo mkulima wa Mbau au Oicha hana. Wana shirikisho lao, FEC, na meya huwapokea. Wangefaa wawe wa kwanza kuidai karatasi hiyo. Na hata kabla haijatoka, bwana anayesafiri kwenda Beni anaweza kukiacha kisu chake kwenye droo ya duka. Hatapoteza heshima yoyote. Akisimamishwa kwenye bariera, afungue mifuko yake kama abiria wa pikipiki aliye nyuma yake anavyofungua gunia lake.